Chema chajiuza: Lugha ya mafumbo katika matangazo ya magari ya kale

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayesoma matangazo ya kuuza magari ya kale atakuta kibaya kikijitembeza kwa madaha. Atakuta gari "lililokuwa likitembea lilipoegeshwa", jingine lenye "kutu ya kawaida mahali pa kawaida", na la tatu ambalo mwenyewe analiuza shingo upande kwa sababu mkewe anaihitaji nafasi ya kuegesha.

Lugha hiyo imewachekesha wapenzi wa magari kwa miongo mingi, hasa nchini Uingereza na Marekani ilikokomaa. Hata hivyo, si ya kuchekesha tu. Ni sajili kamili, yenye msamiati, sarufi na kaida zake, na asiyeielewa huweza kupoteza akiba ya miaka mingi kwa kununua chuma kilichooza.

Sajili hii ni tawi la sajili ya matangazo ya biashara, lakini inatofautiana na tangazo la sabuni au la dawa ya meno kwa jambo moja kubwa. Anayeiandika aghalabu si mtaalamu wa matangazo. Ni mmiliki anayelipenda gari lake, anayezijua kasoro zake zote, anayetaka bei nzuri, na wakati huo huo anayeogopa kutamka uongo wa wazi utakaomfikisha mahakamani. Mvutano huo ndio unaozaa tafsida, chuku na mafumbo yanayojadiliwa hapa.

Gari la kale ni lipi?

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa limetimiza angalau miaka 30, limehifadhiwa katika hali inayolingana na historia yake na halitumiki kama chombo cha usafiri wa kila siku. Nchini Uingereza, gari lililopita miaka 40 laweza kusamehewa ushuru wa barabara, na tangu Mei 2018 magari mengi ya umri huo hayalazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka.

Gari la kawaida hupoteza thamani kila mwaka. Gari la kale laweza kupanda bei kadiri linavyozeeka, lakini bei hiyo hutegemea mambo ambayo picha haiwezi kuyaonyesha yote: nani alilimiliki, injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani au la, kilichoko chini ya rangi ni chuma au udongo wa kujazia mashimo. Mambo hayo huelezwa kwa maneno. Kwa sababu hiyo, neno moja katika tangazo la gari la kale huweza kuongeza au kupunguza mamilioni ya shilingi.

Chimbuko la sajili

Nchini Uingereza, jarida la Exchange and Mart lilianza kuchapisha matangazo ya watu binafsi ya kuuza na kubadilishana vitu mwaka wa 1868, kabla gari la kwanza la petroli halijaundwa. Magari yalipoenea, kurasa zake zikajaa hayo. Nchini Marekani, jarida la Hemmings Motor News lilianzishwa mwaka wa 1954 kwa ajili ya wanunuzi na wauzaji wa magari ya zamani na vipuri vyake.

Matangazo madogo ya magazetini hulipiwa kwa neno au kwa mstari. Muuzaji aliyetaka kuokoa fedha alifupisha kila alichoweza. Wasomaji wa Kiingereza walizoea kuona herufi kama FSH, yaani historia kamili ya matengenezo. VGC, hali nzuri sana. Na ONO, yaani bei hiyo au iliyo karibu nayo. Ufupi huo ulimfaa muuzaji kwa njia nyingine pia. Aliyelipia maneno kumi na tano hakulaumiwa kwa kutotaja kwamba sakafu ya gari ilikuwa na tundu.

Intaneti ilipoondoa gharama ya maneno, matangazo mengine yalirefuka yakawa hadithi. Hata hivyo, misemo ya kale ilibaki, kwa sababu kazi yake haikuwa kuokoa nafasi pekee.

Majina mengi ya kutu

Adui mkuu wa gari la kale ni kutu, na hakuna neno ambalo wauzaji hulizunguka kwa ustadi zaidi. Nchini Uingereza, barabara hunyunyiziwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula mabati kuanzia chini. Ndiyo maana tafsida za kutu zimestawi mno huko.

"Kutu ya juujuu" mara nyingi humaanisha kwamba muuzaji hajajaribu kuichokoa kwa bisibisi aone kama inapenya. "Linahitaji kuchomelewa kidogo" ni kauli isiyo na kipimo. Kidogo cha muuzaji huenda kikawa kazi ya miezi mitatu kwa fundi. "Kutu ya kawaida mahali pa kawaida" humtaka mnunuzi awe tayari anapajua mahali penyewe: chini ya milango, ukingoni mwa magurudumu, sakafuni na chini ya betri.

Uzito wa maneno hayo hutegemea jinsi gari lilivyoundwa. Gari kama Mini, lililozinduliwa mwaka wa 1959, halina chasi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Kutu iliyokula kingo za chini za bodi hiyo si aibu ya sura tu, bali ni udhaifu wa mifupa.

Land Rover la kwanza, lililotolewa mwaka wa 1948, lina kisa tofauti. Chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hivyo sehemu kubwa ya bodi yake iliundwa kwa aloi ya alumini, ilhali chasi ilikuwa ya chuma. Muuzaji wa Land Rover anayeandika kwamba bodi haina kutu anaweza kuwa anasema kweli tupu. Alumini haipati kutu ile ya chuma. Swali alilolikwepa ni hali ya chasi iliyo chini yake.

Katika miaka ya karibuni, kutu imepewa hata jina la heshima. Rangi iliyopauka na bati lenye madoa ya kahawia sasa huitwa patina, neno lililoazimwa kutoka kwa wauzaji wa samani za kale na vyombo vya shaba. Kilichokuwa kasoro kimegeuzwa kuwa pambo, na bei imepanda pamoja na jina.

Sarufi ya kukwepa

Msemo maarufu kuliko yote huenda ni ule wa Wamarekani kwamba gari "lilikuwa likitembea lilipoegeshwa". Kisarufi, kauli hiyo ni ya wakati uliopita na haidai lolote kuhusu leo. Haitaji gari liliegeshwa mwaka gani, wala kwa nini halijaondoka tangu siku hiyo.

Gari lililosimama kwa miaka mingi hupatwa na madhara yanayojulikana. Petroli huganda ikawa kama gundi ndani ya kabureta. Mipira ya kuzuia mafuta hukauka na kupasuka. Pistoni huweza kushikamana na silinda kwa kutu. Tangi hujaa uchafu. Kwa hivyo msemo huo, hata ukiwa wa kweli, haumsaidii mnunuzi kukadiria gharama.

Neno jingine la kuangaliwa ni "tu". Kiyoyozi "kinahitaji kujazwa gesi tu". Injini "inahitaji kurekebishwa kidogo tu". Kama kazi yenyewe ni ndogo kiasi hicho, mnunuzi ana haki ya kuuliza mbona muuzaji hakuifanya kabla ya kutangaza, ilhali ingemwongezea bei. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, kuna mahali inapovuja.

Hatari huwa kubwa zaidi neno hilo linapoambatana na breki. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1970 yana mfumo mmoja tu wa majimaji unaohudumia breki za magurudumu yote manne. Paipu moja ikipasuka, breki zote za mguu hupotea kwa mara moja, na dereva hubaki na breki ya mkono. "Breki zinahitaji kutolewa hewa tu" si sentensi ya kupuuzwa, kwa maana hewa hiyo imeingilia mahali fulani.

Kauli ya kutendwa nayo hutumika sana. "Injini ilifanyiwa ukarabati kamili" ni sentensi isiyo na mtenda wala tarehe. Fundi gani? Mwaka upi? Risiti ziko wapi? Ukarabati wa mwaka wa 1988 ni ukarabati, lakini injini iliyokarabatiwa wakati huo huenda imezeeka tena. Waingereza wana msemo wa "ukarabati wa zamani kidogo" wa kukiri jambo hilo kwa heshima.

Vilevile kuna viambatisho vya tahadhari kama "inaaminika" na "kwa kadiri ninavyofahamu". Muuzaji anayesema "inaaminika kuwa moja kati ya magari sita yaliyosalia" hajasema ni nani anayeamini. Na neno "nadra" lenyewe halielezi sababu. Baadhi ya magari ni nadra kwa sababu kiwanda kiliunda machache. Mengine ni nadra kwa sababu wanunuzi hawakuyapenda hata yalipokuwa mapya.

Hesabu pia zina hila zake. "Asilimia 90 ya kazi imekamilika" huficha ukweli kwamba ile asilimia kumi iliyobaki ndiyo ngumu: nyaya za umeme, mipira ya vioo, mapambo ya kromu yasiyopatikana tena madukani. Mita ya mwendo nayo, katika magari mengi ya zamani, ina tarakimu tano pekee. Ikifika 99,999 hurudi sufuri. Gari linaloonyesha maili 42,000 huenda limetembea 42,000, au 142,000, au 242,000, na muuzaji anayeandika kwamba "mita inaonyesha 42,000" hajadanganya. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka wa 1972 iliharamisha kuchezea mita hiyo, na ndipo maneno "mwendo halisi haujulikani" yalipozoeleka katika matangazo.

Gari kama jamaa

Matangazo ya magari ya kale yamejaa tashihisi. Gari "linatafuta makao mapya". Gari "limelala" miaka ishirini. Gari "linastahili mtu atakayelipenda". Muuzaji hujieleza kama mzazi anayemwoza bintiye, na mnunuzi anayetaja bei ya chini huonekana kama mkwe asiye na adabu.

Mmiliki wa awali naye huchorwa kwa mapambo. Waingereza husema "mmiliki mmoja mwangalifu", na mzaha wao wa kale huuliza: je, wale wengine watano? Wamarekani nao wana ajuza wao aliyeliendesha gari kwenda kanisani siku za Jumapili tu. Katika matangazo ya Kenya, mwenzake ni gari "lililoendeshwa na mwanamke". Kauli hizi hudokeza kwamba gari halikuteswa.

Mafundi, hata hivyo, hawaliamini sana gari la kanisani. Injini inayotembea safari fupi haipati joto la kutosha. Unyevu hubaki ndani ya oili na ndani ya ekzosi, na taratibu hula chuma. Gari la safari ndefu zenye huduma ya mara kwa mara huweza kuwa na injini yenye afya zaidi kuliko lile lililobembelezwa.

Upande wa pili wa mapenzi ni ukali. Tangazo likimalizika kwa "najua nilicho nacho" au "wapoteza wakati wasipige simu", mara nyingi ni dalili kwamba gari limekaa sokoni muda mrefu na kwamba wanunuzi kadhaa wameshamwambia muuzaji bei yake haikubaliki.

Hazina ya ghalani

Miongoni mwa misemo yote, hakuna unaosisimua mnunuzi kama ule wa gari "lililopatikana ghalani". Picha huonyesha vumbi, buibui na tairi zisizo na upepo. Wauzaji wengine hudaiwa kuacha vumbi hilo kwa makusudi, maana vumbi nalo lina bei.

Msisimko huo una msingi. Mwaka wa 2014, takriban magari 60 yalipatikana katika mabanda ya shamba moja magharibi mwa Ufaransa, yakiwa yamekusanywa tangu miaka ya 1950 na mfanyabiashara wa uchukuzi, Roger Baillon. Miongoni mwayo lilikuwamo Ferrari 250 GT California Spider lililokuwa limefunikwa kwa majarida ya zamani. Kampuni ya Artcurial iliyanadi jijini Paris mnamo Februari 2015, na Ferrari hilo pekee likauzwa zaidi ya euro milioni 16.

Kisa kingine ni cha Ford Mustang lililoendeshwa na mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka wa 1968. Mnamo 1974 liliuzwa kupitia tangazo dogo katika jarida la Road & Track, kwa takriban dola 6,000. Familia iliyolinunua ililitumia kama gari la kawaida, kisha ikaliweka kwa miongo kadhaa. Lilipouzwa katika mnada mjini Kissimmee, Florida, mnamo Januari 2020, likiwa halijapakwa rangi mpya, bei ilifika dola milioni 3.74 pamoja na ada.

Visa kama hivi ni vichache mno. Lakini ndivyo vinavyomfanya mtu aone gari lililooza nyuma ya jumba la jirani akafikiri ni utajiri, na ndivyo vinavyompa muuzaji ujasiri wa kutaja bei ya Ferrari kwa gari la kawaida.

Neno moja, pauni milioni 10

Katika viwango vya juu vya biashara hii, mabishano huwa juu ya maneno mawili: asili na halisi. Mnunuzi hutaka injini na chasi zenye nambari zinazolingana na rekodi za kiwanda. Gari lenye nambari hizo huuzwa ghali kuliko pacha wake aliyebadilishiwa injini, hata kama hilo la pili linakwenda vizuri zaidi.

Mwaka wa 1990, Mahakama Kuu ya Uingereza ilitakiwa kuamua suala hilo kuhusu Bentley lijulikanalo kama Old Number One, lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka wa 1929 na wa 1930. Mmiliki wake alikubaliana kuliuza kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akakataa kukamilisha malipo, akidai kwamba gari hilo si lile lililoshinda. Ilikuwa kweli kwamba baada ya ushindi huo liliundwa upya mara kadhaa, likabadilishwa injini, chasi na bodi kwa nyakati mbalimbali.

Jaji Otton alipima maneno moja baada ya jingine. Aliona kwamba gari hilo halingeweza kuitwa la asili kwa maana ya kubaki lilivyotoka kiwandani. Lakini aliamua kwamba lilikuwa Old Number One halisi, kwa sababu historia yake haikukatika na hapakuwa na gari jingine lolote lenye madai hayo. Muuzaji akashinda kesi.

Soko la malimau

Kwa nini lugha ya biashara hii imepinda hivi? Jibu moja lilitolewa na mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, katika makala aliyoichapisha mwaka wa 1970 kuhusu soko la "malimau", jina ambalo Wamarekani hulipa gari bovu linalouzwa kama zima. Majarida matatu yalikuwa yameikataa makala hiyo. Mwaka wa 2001, Akerlof alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi.

Hoja yake ni kwamba muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hawezi kutofautisha zima na bovu, mnunuzi hutoa bei ya katikati. Bei hiyo ni ndogo mno kwa mwenye gari zima, naye hujiondoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu, na imani ya wanunuzi huzidi kushuka.

Matangazo ya magari ya kale huonyesha jinsi hali hiyo inavyoathiri lugha. Kila sifa nzuri inayotumiwa na mkweli huibwa na mwongo, hadi inapoteza maana. "Hali nzuri sana" ilipochakaa, ikaja "hali ya kipekee". Hiyo nayo ilipochakaa, ikaja "halina mfano". Sifa hupanda ngazi kila mwaka, ilhali magari ni yale yale.

Mkono wa sheria

Sheria nayo imechangia kuumba sajili hii, na kesi mbili za Mahakama ya Rufaa ya Uingereza huelezea jinsi inavyofanya hivyo.

Katika kesi ya Oscar Chess dhidi ya Williams, iliyoamuliwa mwaka wa 1957, mtu binafsi aliwauzia wafanyabiashara wa magari gari la Morris akisema ni la mwaka wa 1948, kama kitabu cha usajili kilivyoonyesha. Baadaye ilibainika kuwa kitabu kilikuwa kimechezewa na gari lilikuwa la 1939. Mahakama iliamua kwamba kauli ya muuzaji haikuwa ahadi ya mkataba. Hakuwa mjuzi, aliyasema yaliyoandikwa, kwa nia njema, na walionunua ndio waliokuwa wataalamu.

Katika kesi ya Dick Bentley Productions dhidi ya Harold Smith, mwaka wa 1965, mambo yaligeuka. Mfanyabiashara aliuza gari la Bentley akisema limetembea maili 20,000 tu tangu liwekewe injini nyingine. Haikuwa kweli. Kwa kuwa yeye alikuwa mjuzi mwenye uwezo wa kuchunguza ukweli, mahakama ilimwajibisha kwa kauli yake.

Kesi hizi zinaihusu Kenya moja kwa moja, kwa maana Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, huifanya sheria ya kimila ya Uingereza kuwa msingi wa mikataba nchini. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo ilifuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka wa 1893. Humo, bidhaa inayouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo. Aidha, Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 huwabana wafanyabiashara wanaotoa maelezo ya uongo.

Ipo kanuni nyingine inayoeleza kwa nini matangazo mengi humalizika kwa "njoo ujionee". Mnunuzi aliyelikagua gari hawezi baadaye kudai fidia, kwa msingi wa dhamana ya ubora inayotolewa na sheria hiyo, kuhusu kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Mwaliko wa kuja kutazama, licha ya kuwa ukarimu, huhamisha sehemu ya mzigo kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi. "Linauzwa lilivyo" hufanya vivyo hivyo kwa sauti ya juu zaidi.

Soko la Kenya

Kenya ina historia ndefu ya magari ya kale. Mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka wa 1953, zilizipa sifa Peugeot 404, iliyoshinda mwaka wa 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Peugeot 504, iliyoshinda 1975 na 1978. Na magari ya Datsun ambayo Shekhar Mehta aliyatumia kushinda mara tano. Joginder Singh alishinda mwaka wa 1965 kwa Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya. Lilikuwa limetumika katika mbio za mwaka uliotangulia. Ndiyo sababu mwenye Peugeot 504 hukimbilia kuandika "gari la Safari", ingawa gari lake halijawahi kushindana popote.

Maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza jijini Nairobi mwaka wa 1970, na mbio za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka wa 2003, zimeongeza hamu ya magari haya. Wakati huo huo, kanuni ya ubora inayozuia kuingiza nchini magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane imefanya yale yaliyosajiliwa humu zamani yathaminiwe zaidi.

Matangazo ya Kenya yamechanganya misemo ya kigeni na ya humu. "Mwenyewe anasafiri" hueleza haraka ya kuuza bila kutaja sababu nyingine. "Nunua uendeshe" huahidi kwamba hakuna kazi iliyobaki. "Halijawahi kupata ajali" ni kauli nzito kwa gari la miaka 45 ambalo limepita mikononi mwa wamiliki saba. "Logbuku ipo" huonekana kama jambo dogo, lakini kwa gari la kale laweza kuwa kubwa kuliko injini. Baadhi ya magari haya yamesalia kwa jina la marehemu, na urithi wake haujawahi kushughulikiwa mahakamani.

Mazingira pia hubadilisha maana. Gari lililokaa miaka mingi Mombasa limepigwa na hewa ya chumvi, na lile la Nakuru au Nanyuki halikupata mateso hayo. Muuzaji anayetaja kwamba gari "limekuwa bara siku zote" ametoa habari yenye manufaa kuliko sifa kumi.

Namna ya kusoma tangazo

Mnunuzi mwenye busara husoma kinachokosekana. Tangazo likisifu viti, redio na rangi, lakini likanyamaza kuhusu injini, kimya hicho ndicho habari. Picha kumi na mbili za upande wa kulia zinafaa kumfanya aulize kuhusu wa kushoto.

Kila sifa igeuzwe swali. Ukarabati ulifanywa na nani, na risiti ziko wapi? Gari liliegeshwa lini, na lilikuwa na tatizo gani? Nambari za chasi na injini zinalingana na logbuku? Rekodi za umiliki zaweza kutafutwa kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, kabla ya kutoa hata shilingi moja. Fundi anayelijua gari la aina hiyo alitazame akiwa chini yake, si kando yake, na sumaku ndogo ipitishwe kwenye bodi ya chuma. Pasiposhika, pamejazwa kitu kingine.

Muuzaji mkweli naye ana njia ya kujitenga na malimau. Hutaja kasoro kwa majina na kwa vipimo: tundu la upana wa kiganja sakafuni upande wa dereva, gia ya pili inayopiga kelele, injini iliyobadilishwa mwaka wa 1994. Tangazo la namna hiyo huwapoteza baadhi ya wapigaji simu, lakini wanaobaki huja wakijua wanachokuja kununua, na hapana neno ndani yake ambalo hakimu anaweza kumrudishia.